Imamu Ghazali: mwanachuoni aliyefungwa ulimi na wasiwasi

Ndugu msomaji, jina la Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali si geni masikioni mwetu watu wa mwambao. Tumelisikia katika darasa za baina ya Magharibi na Isha, tumeliona juu ya majalada ya vitabu vya walimu wetu, na twajua kwamba maulamaa walimpa lakabu ya Hujjatul-Islam, yaani hoja ya Uislamu. Walakini ni wachache wajuao kwamba bwana huyu, alipokuwa amefika kileleni mwa utukufu, alishikwa na wasiwasi mkubwa hata ulimi ukakataa kusema na koo likakataa kumeza. Khabari hii hakuzuliwa na mahasidi. Aliiandika mwenyewe katika kitabu chake kiitwacho Al-Munqidh mina-dhalal, yaani kile kimwokoacho mtu na upotevu.

Nimeona ni faida kuisimulia khabari hii kwa sababu wasiwasi umekuwa mgeni wa kila nyumba. Hapa Marafa mtu hulala macho wazi akihesabu: karo ya shule, mvua iliyochelewa, deni la dukani, kijana aliyeshuka Malindi kutafuta kazi na simu yake haipatikani. Huko Watamu na Malindi, mahotelini, wageni hufundishwa yoga: hukaa juu ya mkeka, wakavuta pumzi polepole na kuitua akili pahali pamoja ili roho ipoe. Vijana wetu waonao hayo huuliza kama nasi tunacho cha kututuliza.

Swali hilo ni la zamani. Abu Raihan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazmu aliyefariki miaka michache kabla ya Ghazali kuzaliwa, alijifunza lugha ya Wahindi akakifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali juu ya yoga, ili Waislamu wajue wenzao wanasema nini. Ghazali yeye hakufuata njia hiyo. Alipopatwa na dhiki aliitafuta dawa katika mila yake mwenyewe, akaijaribu mwilini mwake kabla ya kumwandikia mtu mwingine.

YATIMA WA TUS

Ghazali alizaliwa mwaka 450 wa Hijria, sawa na 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, ambayo leo imo katika Iran. Babake alikuwa fukara akisokota sufi na kuiuza. Alikuwa akipenda kuketi na wanavyuoni, na alitamani apate mwana atakayekuwa kama wao. Mauti yalipomkaribia, aliwausia wanawe wawili wadogo, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja Sufi, akamkabidhi akiba ndogo aliyokuwa nayo.

Akiba ile haikudumu. Ilipokwisha, rafiki yule, ambaye naye alikuwa fukara, aliwashauri vijana waende wakajiunge na madrasa, maana huko wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Basi mlango wa elimu Ghazali aliuingia kwa sababu ya njaa, na mwenyewe hakuficha jambo hilo baadaye. Alisema waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine, nayo elimu ikakataa isipokuwa iwe kwa ajili ya Mungu.

Alisoma Tus, kisha akasafiri kwenda Jurjan. Husimuliwa kwamba alipokuwa akirudi kwao njia ilikatwa na wanyang'anyi, wakachukua mzigo wake uliokuwa na daftari alizoandika darasani. Aliwafuata akimsihi mkubwa wao amrudishie karatasi zile tu, kwa kuwa ndiyo elimu yake yote. Mwizi yule alicheka, akamwuliza vipi adai kuwa anajua, ilhali wakimnyang'anya mfuko abaki hajui kitu. Akamrudishia. Ghazali alilipokea neno lile kama somo, akakaa miaka mitatu akihifadhi moyoni yote aliyoyaandika.

Baadaye alikwenda Nishapur kwa Imamul-Haramain al-Juwaini, mwalimu mkubwa wa madhehebu ya Shafii katika zama zake. Huko alisoma fikihi, usuli, mantiki na ilimu ya kalamu, akawashinda wenzake wote. Mwalimu wake alipofariki mwaka 1085, Ghazali alikwenda kwenye kambi ya waziri Nizamul-Mulk, aliyekuwa akiiendesha dola ya Waseljuki. Hapo maulamaa walikuwa wakikutana kwa mijadala, na kijana wa Tus akawanyamazisha wengi.

BAGHDAD NA UTUKUFU WAKE

Mwaka 484, sawa na 1091, waziri alimteua kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiya ya Baghdad. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi. Hakukuwa na kiti cha elimu kilichotamaniwa zaidi ya kile. Wanafunzi waliohudhuria darasa zake walifika kadiri ya 300. Mawaziri walimtaka shauri, khalifa alimtaka atunge vitabu vya kuwajibu wapinzani, na mavazi na kipando chake vilizungumzwa mjini.

Walakini mwaka uliofuata mambo yalibadilika. Mwezi wa Oktoba 1092 Nizamul-Mulk aliuawa kwa kisu alipokuwa safarini, na mwezi uliofuata Sultani Malikshah naye akafariki. Watoto wa mfalme wakagombania ufalme. Wako wanahistoria wasemao kwamba Ghazali aliingiwa na hofu ya siasa hizo. Huenda hofu nayo ilikuwamo. Yeye mwenyewe lakini ametaja sababu nyingine, tena ngumu zaidi kwa mtu kuikiri: aliitazama nia yake katika kusomesha, akaona kwamba asomesha kwa kutafuta cheo na sifa.

Katika miaka ile alikuwa akisoma vitabu vya Masufi. Aliwaelewa upesi, kisha akagundua kwamba kuelewa hakutoshi. Alitoa mfano wa tabibu: anaweza kuieleza afya na sababu zake kwa ufasaha, naye mwenyewe ni mgonjwa kitandani. Kujua utulivu ni nini ni jambo moja, na kuwa mtulivu ni jambo jingine.

Alijiona, kwa maelezo yake, kama mtu aliyesimama juu ya ukingo unaomong'onyoka. Msomaji wa Marafa hahitaji kufasiriwa mfano huu. Bonde letu la Nyari huliwa na mvua kila masika, na mahali aliposimama mtu mwaka jana mwaka huu ni hewa. Wazee wa hapa husimulia kwamba hapo palikuwa na jamaa tajiri wa ng'ombe, waliojaa kiburi hata wakaoga maziwa, Mungu akaudidimiza mji wao. Ule weupe wa majabali ni maziwa na ule wekundu ni damu. Ghazali alikuwa amekaa katika neema kama ile ya maziwa, na alianza kuusikia udongo ukiteremka chini ya miguu yake.

ULIMI WAGOMA

Tangu mwezi wa Rajabu mwaka 488, yaani Julai 1095, alikaa karibu miezi sita akivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka Baghdad na kuacha yote, jioni azma ikavunjika. Mguu mmoja hutanguliza, wa pili huurudisha. Nafsi ilimwambia kwamba hali ile itapita, na kwamba akikiacha kiti kile hatakipata tena.

Mwisho mwili ulikata shauri ambalo akili ilishindwa kulikata. Siku moja alitaka kusomesha ili awaridhishe waliokuja kumsikiliza, na ulimi haukutoa hata neno. Kufungwa huko kwa ulimi kulimtia huzuni moyoni, na huzuni ikaharibu tumbo. Chakula kikawa hakipiti, maji hayashuki, nguvu zikamwisha. Waliitwa matabibu, wakamtazama, wakakata tamaa. Walisema maradhi yameanzia moyoni na kutoka hapo yameenea mwilini, na kwamba hakuna dawa ya kunywa itakayofaa mpaka moyo upumzishwe na hayo yanayousumbua.

Tuzingatie jambo hili. Zaidi ya miaka 900 iliyopita matabibu wa Baghdad walitambua kwamba fikira zaweza kumlaza mtu kitandani. Na mgonjwa hakuwa mtu dhaifu wa imani wala mjinga wa dini. Alikuwa mwalimu wa walimu. Kwetu sisi mtu akishikwa na hofu isiyo na jina, akakosa usingizi na hamu ya kula, hufichwa na jamaa zake kana kwamba ameiba, na wengine humwambia kwamba imani yake ni haba. Atakayesema hivyo na amkumbuke Ghazali.

KHALWA YA DAMASKI

Alipoona hana hila tena, alimwelekea Mola wake kama mtu aliyekwama, na kuacha cheo na mali kukawa kwepesi kwake. Mwezi wa Dhulkaada mwaka huo wa 488, Novemba 1095, alitoka Baghdad. Aliwaambia watu kwamba aenda Makka, ilhali moyoni alikusudia Shamu, maana alichelea khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Mali yake aliigawa, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na cha kuwalisha watoto. Nduguye Ahmad alishika darasa mahali pake.

Huko Shamu alikaa karibu miaka miwili, kazi yake ikiwa ni khalwa, kuitiisha nafsi na kumtaja Mungu. Katika msikiti mkuu wa Damaski, ule wa Bani Umaiya, alikuwa akipanda mnarani na kujifungia mlango mchana kutwa. Kisha alikwenda Baitul-Mukaddas, akawa akiingia katika Kubba ya Mwamba na kujifungia vile vile. Hiyo ilikuwa miaka michache tu kabla ya Wafaranja wa vita vya Msalaba kuuteka mji huo mwaka 1099. Alizuru Khalil, mji wa Nabii Ibrahimu, kisha akaenda kuhiji.

Mtu aweza kudhani kwamba baada ya hapo aliishi katika raha isiyokatika. Yeye hakudai hivyo. Ameeleza kwamba watoto walimwita, akarudi kwao baada ya kuwa mtu wa mwisho kufikiria kurudi, na kwamba mashaka ya maisha na haja za jamaa zilikuwa zikimchafulia utulivu wake. Ile hali safi aliipata kwa nyakati zilizoachana tu. Lakini hakukata tamaa nayo: ikimpotea, huirudia. Aliendelea hivyo kiasi cha miaka 10. Naona hii ndiyo faida kubwa ya khabari yake, kwamba utulivu hauchukuliwi mara moja ukawekwa sandukuni. Hurudiwa kila siku, kama maji ya kisima.

DAWA ALIYOIANDIKA

Katika miaka hiyo ya safari na upweke ndipo alipotunga Ihyau Ulumid-Din, kitabu chenye sehemu 40 ndani ya robo nne: ibada, desturi za maisha, yaangamizayo na yaokoayo. Humo ameeleza moyo wa binadamu kama fundi aelezavyo saa.

Ameufananisha moyo na birika lililochimbwa ardhini, ambalo maji yaliingia kwa mifereji mitano, yaani hisia tano. Mifereji huleta maji, na pamoja nayo huleta tope. Mwenye birika akitaka maji safi, huiziba mifereji kwa muda, akachimba chini mpaka chemchemi ikabubujika kutoka ndani. Kuziba mifereji ndiyo khalwa, na kuchimba ndiyo dhikri. Sisi wenye macho yaliyofungwa na simu tangu alfajiri mpaka usiku wa manane tunajua vyema mifereji yetu ni ipi na tope lake ni lipi.

Njia ya dhikri ameieleza kwa utaratibu. Mtu huketi pahali pa faragha, akakusanya azma yake, asiitawanye hata kwa mawazo ya mambo mengine mema. Hulitaja jina la Mungu kwa ulimi huku moyo ukihudhuria, akadumu nalo hata ulimi uonekane kama wajiendea wenyewe. Kisha ulimi hunyamaza na moyo ukaendelea. Kisha herufi hutoka na maana ikabaki. Wasiwasi ukimjia, airejee dhikri yake.

La pili ni murakaba na muhasaba, yaani kujichunga na kujihesabu. Hapa ametumia mfano ambao wafanyabiashara wa mwambao wataufahamu mara moja. Nafsi ni mshirika wako wa biashara na umri wako ndio rasilimali. Asubuhi baada ya Sala ya Alfajiri mpe mshirika masharti. Mchana mwangalie. Jioni keti naye mfungue daftari: nini kimeingia, nini kimetoka, hasara imetokea wapi. Kila pumzi, kwake, ni kito cha thamani kisicho na badala. Watu wa yoga huichunga pumzi ili akili itulie. Ghazali aliichunga kwa kujua kwamba ni amana itakayoulizwa.

La tatu ni kuyagawa masaa. Aliugawa mchana na usiku mafungu, kila fungu na shughuli yake, ili mtu asitupwetupwe na siku kama dau lisilo na usukani. Wala hakuwataka watu wote wawe watawa wa mnarani. Kwa fundi au mchuuzi mwenye watoto, alisema uradi wake mchana ni kwenda kwenye kazi yake, maana si halali kuwapoteza watoto kwa kisingizio cha ibada; ila asisahau kumtaja Mungu katika kazi hiyo. Hata usingizi aliupimia: masaa 8 katika 24 ndiyo wastani.

Wala hakuudharau uganga wa matabibu. Katika kitabu cha kwanza cha Ihyau aliwalaumu Waislamu wa zama zake kwa kurundikana wote kwenye fikihi, hata miji mingine ikawa haina tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali utabibu ni fardhi ya kifaya. Basi anayeshikwa na hofu au huzuni isiyomwachia akaenda hospitali kumwona daktari, hajatoka katika njia ya Ghazali. Yeye mwenyewe alianza kwa matabibu, na ni wao waliomwelekeza kwenye moyo.

KURUDI NA MWISHO WAKE

Mwaka 499, sawa na 1106, waziri Fakhrul-Mulk, mwana wa Nizamul-Mulk, alimtaka arudi kusomesha katika Nizamiya ya Nishapur. Alikubali. Waliomwona walisema amerudi pale pale alipotoka, naye akajibu kwamba mwili umerudi lakini nia siyo ile: zamani aliwafundisha watu elimu ya kuchumia cheo, sasa awafundisha elimu ya kukiacha. Baada ya muda alirejea Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya Masufi.

Si wote waliompenda. Mwaka 1109 Ihyau ilichomwa moto hadharani huko Cordoba, Andalusi, kwa amri ya watawala wa Murabitun. Na wataalamu wa Hadithi waliokuja baadaye, kama al-Iraqi, wamezichambua Hadithi zilizomo na kubainisha zilizo dhaifu. Hata hivyo kitabu kilibaki, na moto ule umebaki tarikhi.

Imamu alifariki Jumatatu ya tarehe 14 Jumada ya pili mwaka 505, mwezi wa Disemba 1111. Nduguye Ahmad alisimulia kwamba asubuhi ile alitawadha, akasali, akataka aletewe sanda yake. Aliibusu, akaiweka juu ya macho yake, akasema amesikia na ametii. Kisha akanyosha miguu akaelekea kibla, na kabla jua halijapanda alikuwa ameaga dunia. Yule aliyewahi kufungwa ulimi kwa khofu alikwenda bila ya khofu.

URITHI WAKE KWETU

Ihyau ilishikwa kwa mapenzi makubwa na masharifu wa Kialawi wa Hadhramaut, na wao, pamoja na madhehebu ya Shafii, waliifikisha athari yake katika miji ya mwambao wetu. Mmoja wa waliolelewa katika mkondo huo ni Sayyid Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyezaliwa mwaka 1634 na kufariki 1720. Ndui ilimpofusha macho angali mtoto mdogo. Yeye ndiye mwenye Ratibu ya Haddadi isomwayo mpaka leo katika misikiti mingi ya pwani.

Basi kijana aulizaye kama tunacho cha kututuliza na aketi siku moja kwenye ratibu, asiisome mbio kama mtu afukuzwaye na mvua. Na atazame: watu wameketi chini bega kwa bega, sauti ni moja, maneno machache yarudiwa kwa hesabu maalumu, pumzi zaingia na kutoka kwa pamoja. Kisha nyumbani, kabla ya kulala, afunge simu, afungue daftari la siku yake, ajihesabu kwa upole. Na kama usingizi bado wamkimbia wiki baada ya wiki, amweleze mtu anayemwamini na aende kwa daktari, wala asione haya. Hujjatul-Islam hakuona haya kuyaandika yake ili sisi tuyasome.